Karatasi Haikumtaja Germán

Alhamisi ya pili ya mwezi wa kumi, saa sita kasorobo mchana, Nerea Lobatón alisimama mbele ya kanisa la mtaa wa La Viña, mjini Cádiz, mkononi ana mwavuli wa manjano na orodha ya watu wanane. Ziara ile ya vyakula haikuchukua zaidi ya wanane. Ndivyo tangazo lilivyosema: kikundi kidogo, mwendo wa taratibu, na mwisho kuonja vyakula katika jiko halisi la familia ya Cádiz. Saba walikuwa wamefika. Wa nane alikuwa akivuka barabara polepole, amevaa koti lake la kwendea misa, ameshika kifuko cha chumvi.

Jina kwenye orodha lilikuwa Servanda Quirós. Nerea alikuwa amelisoma asubuhi, akatumaini ni Servanda mwingine.

"Bi Servanda," alisema kwa sauti ya chini, "hii ziara ni ya wageni."

"Na mimi ni nani? Karatasi ya mahakama imesema sina makazi hapa. Tia alama, mwanangu, tunachelewa."

Nerea akatia alama.

Servanda alikuwa na miaka sabini na minne. Arobaini na mmoja kati ya hiyo aliishi ghorofa ya tatu ya nyumba moja mitaa miwili kutoka kanisani. Mwenye nyumba alipofariki, watoto wake waliokuwa Madrid waliiuza kwa kampuni, na kampuni haikutaka wapangaji, ilitaka wageni wa siku tatu tatu. Servanda alihamia kwa mpwa wake San Fernando, akapewa kitanda katika chumba cha kupigia pasi. Miezi tisa ikapita. Jioni moja mpwa wake akamwonyesha tangazo la ziara kwenye simu, na katika picha ya lile jiko halisi la familia Servanda akaona vigae vyake vya buluu, kimoja kimepasuka tangu siku kifuniko cha sufuria ya mvuke kilipoamua kuruka.

Vigae hakuvitaka. Alimtaka mumewe.

Germán alikaanga samaki miaka thelathini na mitatu katika duka la samaki wa kukaanga pale pale mtaani. Alifariki Jumanne, miaka sita iliyopita, kwa moyo, mbele ya kikaango. Jumatano walimzika. Saa nane mchana wa siku hiyo hiyo alirudi nyumbani kula kama kawaida yake, akanawa mikono, akauliza kwa nini meza haijaandaliwa. Servanda, aliyekuwa bado na nguo za mazishini, akaiandaa. Tangu hapo Germán aliishi jikoni. Majirani walimsalimu kupitia dirishani. Padri alipoambiwa alisema tu anatumaini ameacha kuvuta sigara.

Siku ya kutolewa, tarishi wa mahakama alisoma jina moja. Servanda akatoka na masanduku mawili. Germán alimfuata hadi mlangoni, akanyanyua mguu, na mguu haukuvuka kizingiti. Alijaribu wa kulia, akajaribu wa kushoto. Wafu hawahamihami.

"Nitarudi," Servanda alimwambia.

"Rudi na chumvi. Hii imelowa."

Kituo cha kwanza cha ziara kilikuwa baa ya Eladio, ambako nyama ya nguruwe iliyokaangwa huwekwa juu ya karatasi, ikakamuliwa ndimu, ikaliwa kwa vidole watu wamesimama. Eladio aliinua kichwa toka kwenye kisu chake.

"Servanda! Umekuja kutalii kwenu?"

"Nimekuja kuona kama bado unakata nyama nene kama soli ya kiatu."

"Hiyo nene ni ya wageni. Wewe ngoja nikukatie nyembamba."

"Nikatie ya wageni. Nina tiketi."

Watu wa baa wakacheka. Nerea akawatafsiria wageni nusu ya maneno hayo. Kati yao alikuwemo Mholanzi mmoja mstaafu, Bwana Wouter, aliyepima ardhi maisha yake yote na sasa alikuwa akijifunza Kihispania. Yeye alielewa nusu iliyobaki, akamsogezea Servanda glasi ya divai.

Walipofika lililokuwa duka la samaki, Nerea alivuka upande wa pili wa barabara akianza habari za sherehe za kanivali, kama alivyozoea. Duka lile sasa lilitunza masanduku ya wasafiri kwa saa. Servanda hakuvuka. Alisimama mbele ya mlango, na kikundi, kisichojua cha kufanya, kikasimama naye.

"Waambie," alisema.

"Bi Servanda, hii haimo kwenye ratiba."

"Mamako alikuwa akikutuma hapa kila Ijumaa, umeshika sahani, kamasi zinakutoka. Germán alikuongezea kipande kila mara. Waambie."

Nerea akawaambia. Hakutaja kamasi. Aliwaambia jina la mkaangaji, miaka aliyofanya kazi, na kwamba wenye duka walishindwa kodi. Bwana Wouter alivua kofia. Mtu mmoja akatoka na sanduku lenye magurudumu, akawaomba wampishe.

Njiani kuelekea nyumba ile Nerea alitembea kando ya Servanda, mwavuli umeinamia chini.

"Ulijua yumo," Servanda alisema.

"Nilijua."

"Miezi tisa unapandisha watu kwangu, unamwona, na hukuniambia."

"Ningekuambiaje, Bi Servanda? Ningesema mume wako yuko peke yake, nami namletea watu wampige picha? Chumba ninachopanga ni cha kampuni hiyo hiyo. Nikifungua mdomo, nafukuzwa kazi asubuhi na chumba jioni."

Servanda alipanda ngazi ameshika ukuta, akapumzika palepale alipozoea kupumzika, ghorofa ya pili, mbele ya mlango wa mkongwe Práxedes. Huyo alifungua mlango kidogo, akatazama, akasema, "Afadhali umekuja. Hazungumzi na mtu," akafunga.

Mlango wa ghorofa ya tatu ulikuwa na kitasa cha namba. Nerea akabonyeza namba.

Germán alisimama jikoni, aproni kiunoni, uso dirishani, mgongo kwa mlango. Alikuwa amesimama hivyo tangu mwezi wa kwanza. Kampuni ilikuwa imeleta mafundi wawili wa gesi, na wote wawili waliandika kwamba jiko ni zima, lakini halikumwakia mtu. Kwa hiyo chakula kililetwa kutoka kwingine, kimepashwa moto, kimefunikwa karatasi ya fedha. Wageni waliandika mtandaoni kwamba mahali ni pazuri na mpishi ni mkimya.

"Germán," Servanda alisema. "Chumvi hii hapa."

Mumewe akageuka. Alimtazama toka viatuni hadi nyweleni.

"Umekonda," akasema.

"Mpwa wako anapika bila mafuta."

"Huyo alikuwa hivyo tangu utotoni." Akachukua kifuko, akaonja chumvi kwa ncha ya kidole, akawasha jiko. Likawaka.

Servanda alivua koti, akafungua kabati, akakuta vyombo vyake vimepangwa upya kijinga, akavirudisha mahali pake kabla ya kitu kingine chochote. Kisha akamtuma Nerea sokoni. Nerea, ambaye ratiba yake ilisema wakati huo awaeleze wageni historia ya mafuta ya zeituni, akaacha mwavuli akaenda mbio. Aliporudi, Servanda alikoroga unga wa dengu na uduvi, Germán akachota kwa kijiko, na bajia zikafunguka ndani ya mafuta, bapa, nyembamba, kingo zake zimekatikakatika kama lesi. Baada ya hizo wakakaanga papa aliyelowekwa kwenye siki na bizari. Mmoja alinyoosha mkono, mwenzake akamwekea mkononi kitu alichotaka.

Wageni walikula wamesimama. Mama mmoja alilia kidogo akasema ni siki. Bwana Wouter aliuliza kama Bwana Germán ni marehemu. Servanda akamwambia ndiyo, miaka sita. Bwana Wouter akasema mkewe ana minne, ila yeye hakurudi, na akaomba bajia nyingine.

Saa nane na nusu ziara iliisha. Nerea aliwashukuru wageni. Servanda alivuta kiti, akaketi mezani mkabala na mumewe.

"Bi Servanda, lazima nifunge."

"Funga. Sisi tumo ndani."

Wageni walitazamana. Bwana Wouter naye akavuta kiti, akaketi, na wengine wanne wakaketi. Nerea alisimama na funguo zake zisizo na tundu la kuingia, kwa kuwa kitasa kilikuwa cha namba, kisha akapiga simu kama mkataba ulivyomtaka.

Msimamizi wa kampuni, Leandro, alifika baada ya dakika ishirini. Alikuwa mtu wa adabu, mwenye viatu visivyotoa sauti.

"Mama, tumefurahi umependa ziara yetu. Ila muda umekwisha, na leseni ya chumba hiki ni watu tisa pamoja na kiongozi. Huyu bwana ni wa kumi."

"Huyu bwana alikuwa humu kabla ya leseni."

Leandro akamgeukia Germán. "Una mkataba wowote, mzee?"

"Nilikuwa nao wa maisha," Germán alisema. "Umekwisha."

Basi wakaja polisi wawili. Mkubwa wao alimjua Germán, akamshika mkono, akaulizia magoti yake, akajibiwa hayamsumbui tena. Kisha akasoma hati. Hati ilimtaja Servanda Quirós, haikumtaja mwingine. Aliisoma mara mbili akitafuta njia, hakuiona.

"Shangazi," alisema, "usinifanye nikushike."

"Nani kakwambia utanishika? Ngazi hizi nimezisugua kwa magoti miaka arobaini na mmoja. Nazijua kuliko wewe unavyoijua sheria yako." Akavaa koti. Alimwekea mumewe kola sawa. Akashuka mwenyewe, kichwa juu, na wageni watano wakashuka nyuma yake kimya kama wanatoka mazishini.

Kampuni ikaomba hati ya pili, ya Germán. Mahakama haikuona tatizo. Ilitaka tu akabidhiwe mkononi mwake. Tarishi alipanda ngazi akamkabidhi. Germán aliisoma yote, akaikunja ikawa bomba, akaijaza vipande vya papa vya moto, akamrudishia. Tarishi alikula ameketi kwenye ngazi. Katika taarifa yake aliandika kwamba hati ilipokelewa na kurudishwa, pamoja na ndimu. Baada ya hapo jalada lilipelekwa ofisi nyingine, ambayo ilitaka nakala ya kitambulisho cha mpangaji, na cha Germán kilikuwa kimezikwa naye.

Kwa Servanda kampuni ilikuwa na njia rahisi. Jina lake likazuiwa asinunue tiketi. Lakini jiko likazima tena, na mpishi akageukia dirisha, na sasa wageni waliokuwa wamesoma habari za zile bajia walilalamika. Kwa hiyo Leandro akaenda San Fernando mwenyewe, na maua. Alimkuta Servanda akipiga pasi. Akampa pendekezo: kila Alhamisi, muda wa saa mbili jikoni, mshahara, aproni yenye nembo ya kampuni. Akimaliza, anatoka.

Servanda aliiweka pasi wima. Mpwa wake alisimama mlangoni, akimwomba kwa macho akubali. Hata yeye alijua shangazi yake hulala akinong'ona jina la mtu. Servanda alimfikiria Germán mgongo kwa mlango. Alifikiria saa mbili kwa wiki, ni nyingi kiasi gani kwa mtu mwenye miaka sabini na minne.

"Ikifika saa hiyo ya kutoka," alisema mwishowe, "nani ataniambia nitoke?"

"Nerea, nadhani. Kwa heshima zote."

"Basi hapana. Kutolewa nyumbani kwangu mara moja, ni dhuluma. Kila Alhamisi, itakuwa kazi. Chukua maua yako, huku yanavuta nzi."

Alhamisi iliyofuata alipanda treni na kiti cha kukunja. Alikikunjua barabarani, chini ya dirisha la jikoni, kama watu wa mtaa ule walivyokuwa wakikaa nje wakati wa joto, kabla hawajaisha. Saa nane kamili dirisha lilifunguliwa. Germán akateremsha kikapu kwa kamba ya kuanikia nguo. Ndani mlikuwa na bajia na papa, vya moto. Leandro, aliyekuwa ghorofani na kikundi, alithibitisha baadaye kwamba jiko halikuwaka hata kidogo.

Servanda alikula pale, na wakazungumza yeye chini na mumewe juu, kwa sauti, habari za mpwa, za miguu, za bei ya uduvi. Wiki ya tatu Práxedes alishusha kiti chake. Wiki ya tano Eladio alifunga baa nusu saa akaja na stuli. Nerea alipita na kikundi, mwavuli juu, akawaambia wageni wazunguke, naye mwenyewe akazunguka, macho chini.

"Inua uso, mwanangu," Servanda alimwambia. "Hujauza wewe. Ila hujakataa pia."

Mwezi wa pili wa viti vile, Leandro alishuka. Alisema wageni wanapenda kupiga picha ya nyumba, na viti vinaharibu. Angeshukuru kama mama angesogea mita moja tu.

Servanda akasimama, akasogeza kiti mita moja, kuelekea mlangoni. Wengine wakasogeza vyao. Mlango ukawa haufunguki wote.

Mwezi wa nne ghorofa ya pili nayo ilitiwa kitasa cha namba, na Práxedes akapelekwa kwa mwanawe Jerez. Alhamisi hiyo alikuja kwa basi, akaketi. Viti vilikuwa kumi na kimoja, kimoja cha Nerea, aliyekuwa amefukuzwa Jumatatu. Kwa leseni mpya ya ghorofa mbili, kiongozi mpya alileta watu kumi na wawili. Waliingia kwa ubavu, mmoja mmoja, matumbo yamevutwa ndani, wakiomba samahani, na juu yao kikapu kilikuwa kinateremka.