Kimya cha Upande wa Pili

Fundi wa meno bandia alikuwa na hadhira ambayo mhadhiri yeyote angemwonea wivu. Kwenye rafu ya chumba chake cha kazi, nyuma ya kliniki ya meno, zilipangwa taya za plasta za wagonjwa, za juu na za chini, zote zimeachama na zote zinamwelekea yeye. Kila asubuhi aliwasha taa ya spiriti, akalainisha nta, akaanza kupanga meno huku kaseti ikizunguka kwenye redio ya pembeni, na taya zikasikiliza. Hazikuwahi kumpinga hata siku moja. Mwenyewe alishakiri moyoni kwamba huenda ndiyo sababu alizipenda kuliko watu.

"Albamu haihukumiwi kwa wimbo wa kwanza," aliziambia. "Wimbo wa kwanza ni sebule, umewekewa wageni. Ukitaka kumjua mwenye nyumba, nenda jikoni. Na jiko liko upande wa pili."

Kwa maneno hayo, ambayo aliyarudia hadi yakawachosha majirani, watu walimbandika jina la Upande wa Pili. Walimtania, lakini yeye alilipokea kama cheo. Alikuwa mpenzi wa muziki wa roki, tena si roki ya kila mtu. Alipenda zile bendi zilizotoa albamu tatu, zikagombana, zikavunjika, zikaacha mashabiki wachache wenye kujiona. Nyimbo za pop aliziita peremende. Ukimuuliza kwa nini, alikuwa tayari kukueleza mpaka chai yako ipoe, na alijua kabisa kwamba inapoa, ila hakuweza kujizuia.

Juu ya nyimbo zote alizozipenda palikuwa na mmoja, wa nne katika upande wa pili wa kaseti moja ya zamani, ukiitwa "Ngazi za Zege". Na ndani ya wimbo huo palikuwa na kimya.

Gita linapanda, ngoma zinapanda, mwimbaji anapanda nazo. Kiitikio kinakaribia kuingia kwa mara ya tatu, na msikilizaji ameshajaza kifua ili aimbe nacho, mara kila kitu kinakatika. Kimya. Katika kimya hicho, ukivaa vidude vya masikioni na kuomba watoto wakae kimya, inasikika sauti ndogo yenye majimaji, kama ya mtu anayevuta pumzi ili asilie. Kisha bendi inarudi, katikati ya neno, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kwa kimya hicho Upande wa Pili alijijengea kisa kizima. Alikuwa na hakika kwamba mwimbaji alifiwa wiki ile ya kurekodi, na kwamba pale ndipo sauti ilipomkauka, na wenzake wakawa na busara ya kuiacha. Hakuwahi kukisoma kisa hicho popote. Hakuna mhakiki hata mmoja aliyekitaja kile kimya, naye badala ya kushtuka akahitimisha kwamba wahakiki wote ni viziwi.

Kaseti yenyewe aliachiwa na dada yake, mkubwa wake pekee, aliyemlea wakati mama yao alipokuwa kazini. Dada alipoondoka nyumbani kwenda kujifunza ushonaji mji mwingine, alimwachia mdogo wake ile kaseti, na juu yake, ukingoni, palikuwa na kipande cha plasta ya kidonda. Upande wa Pili alikitunza hata hicho kipande. Sasa dada alikuwa mshona mapazia mwenye mashine tatu, na alipokuwa akishona alisikiliza peremende tupu, hasa ile iitwayo "Shati la Njano", ambayo kiitikio chake ni la-la-la na haina aibu nacho. Siku moja, mbele ya wateja wake, mdogo wake alimwambia kwamba masikio yake ni ya kutundikia hereni tu. Dada alicheka, akauma uzi, akaendelea na pindo. Upande wa Pili alirudi nyumbani ameridhika na utani wake, ila usiku utani ule ulimkaa vibaya kidogo, kama jino lililopangwa upande.

Basi redio ya mtaa ikatafuta mtu wa kuzungumzia muziki kila Jumamosi jioni. Upande wa Pili aliposikia tangazo hilo, alimpangia mzee mmoja magego mahali pa chonge. Aliitwa kwa majaribio ya nusu saa, moja kwa moja hewani. Meneja angesikiliza akiwa ofisini kwake, na akiridhika, Jumamosi zote zingekuwa za fundi wa meno. Asiporidhika, basi, kuna mwalimu mmoja wa kwaya alikuwa anasubiri zamu yake.

Jambo hilo alilitamani tangu ujana. Alitaka kabla hajazeeka asikilizwe na kitu chenye masikio.

"Baba watoto," mkewe alimwambia akimnyoosha kola mlangoni, "ongea kama unavyoongea na watu. Usiongee kama unavyoongea na meno."

"Nitaongea juu ya kile kimya."

"Nilijua," alisema mkewe, na akamwombea.

Studio kilikuwa chumba kidogo kilichopigiliwa trei za mayai ukutani, na feni yake ilizimwa ili isiingie kwenye maikrofoni, kwa hiyo mtu alianza kutoka jasho kabla hata hajasema uongo. Mtangazaji, mama wa makamo mwenye miwani juu ya kichwa na sauti nzito ya kupendeza, alimkaribisha kiti. Upande wa Pili alifungua kikasha cha kazini na kutoa kaseti iliyofungwa kwa pamba.

"Kaseti?" mtangazaji aliuliza. "Mashine yake tunayo. Ndiyo hiyo inayozuia mlango usijifunge." Akabonyeza-bonyeza kompyuta. "Usijali, wimbo wako nimeupata humu. Albamu nzima ipo."

Upande wa Pili akarudisha kaseti mapajani, akapiga moyo konde. Taa nyekundu ikawaka.

Kusema kweli alianza vizuri. Alieleza habari ya sebule na jiko, mtangazaji akacheka. Alieleza tofauti ya wimbo unaokufurahisha na wimbo unaokujua. Kisha kichwa kikaanza kumvimba. Akasema kwamba katika muziki wote wa roki hakuna tendo la ujasiri kama lile ambalo wasikilizaji wangelisikia sasa hivi, kwamba watu wengi wana masikio lakini hawana usikivu, na kwamba yeye, kwa unyenyekevu wote, alikigundua kimya hiki peke yake.

"Tegeni masikio," alisema. "Msipumue."

Wimbo ukapigwa. Gita likapanda, ngoma zikapanda. Upande wa Pili akainua kidole, akafumba macho. Mahali pakafika, na bendi ikapita hapo bila hata kupunguza mwendo. Kiitikio kikaingia kwa mara ya tatu, kizima, kwa furaha, na kidole kikabaki hewani kama cha mtu anayeomba ruhusa ya kwenda chooni.

"Kimya ni kile kinachofuata?" mtangazaji aliuliza taratibu.

"Wamekifuta," alisema Upande wa Pili.

"Nani?"

"Kampuni. Hizi nakala za kompyuta wanazipiga pasi. Wanaogopa kimya." Alisikia sauti yake ikipanda na hakuweza kuishusha. "Wamemnyang'anya yule mtu msiba wake, mama. Huu ni wizi."

Mtangazaji alikuwa mtu wa haki. Alitafuta nakala nyingine, iliyorekodiwa ukumbini mbele ya watu, akaipiga mahali palepale. Hapakuwa na kimya. Mwimbaji alisikika hata akiwaambia watu wapige makofi, na hakuwa na dalili yoyote ya kufiwa. Jasho likamshuka Upande wa Pili hadi kwenye soksi. Sauti fulani ndogo moyoni ikamwambia kwamba mwalimu wa kwaya ameshaanza kunyoosha suti, naye akaijibu kwamba na ukumbi nao wameupiga pasi.

Ndipo taa ya simu ikawaka.

"Tuna msikilizaji," alisema mtangazaji kwa sauti ya mtu aliyetupiwa kamba. "Karibu, uko hewani."

"Ahsante, mwanangu. Mimi nashona mapazia hapa, ninasikiliza." Nyuma yake cherehani ilikuwa inasimama. "Huyo mgeni wako ni mdogo wangu wa damu. Naomba usimwache aendelee kuwasingizia watu wa kampuni."

Upande wa Pili alifumbua kinywa kama taya zake za rafuni.

"Dada," alisema.

"Mdogo wangu, hicho kimya hakiko kwenye wimbo. Kiko kwenye kaseti yako. Nilikitia mimi."

Mtangazaji alimtazama mgeni wake, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kukata simu, akainua nyusi kumuuliza. Ingetosha kutikisa kichwa tu. Wangesema laini ni mbaya, wangepiga wimbo mwingine, na kesho taya za plasta zingesimuliwa jinsi kampuni zilivyo na hila. Upande wa Pili akatazama kaseti mapajani. Akakiona kile kipande cha plasta, na chini yake, kwa mara ya kwanza tangu aipate, akayafikiria yale matundu mawili ya juu ambayo kila mpenzi wa kaseti anayajua: kaseti ya dukani haina vijino vyake, kusudi mtu asirekodi juu yake, na anayetaka kurekodi huyaziba. Miaka yote hiyo fundi wa meno mzima hakuona mapengo mawili yaliyozibwa mbele ya macho yake.

Akamfanyia mtangazaji ishara: mwache.

"Eleza, dada," alisema.

"Ilikuwa jioni ya kuamkia safari yangu. Ulikuwa na pengo la meno ya mbele, unasimama mbele ya redio unaimba na hao wapiga kelele wako, mikono juu. Nikasema nitamsikia lini tena huyu. Nikaziba matundu kwa plasta, nikasubiri kiitikio kile unachokipenda, nikabonyeza kitufe chekundu nipate sauti yako nije niihamishie kwenye kaseti yangu nyingine. Wewe ukaniona. Ukaona haya, ukanyamaza. Kitu pekee ulichofanya ni kuvuta kamasi. Basi nikabonyeza nikazima."

Ndani ya studio hakuna aliyepumua, kama alivyoagiza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nimekuharibia wimbo? Ungelia hadi asubuhi, na mimi naondoka. Halafu niliporudi nikakuta unakipenda. Unawaeleza watu, unafumba macho. Ningekuambiaje? Ningejua utakuja kukitangaza redioni ningekuambia. Samahani sana."

Upande wa Pili aliona macho yanamchoma. Alimpenda dada yake kwa nguvu iliyomshangaza, na wakati huohuo alitamani sakafu ifunguke. Alimkumbuka akiuma uzi siku ile ya hereni, akicheka, anajua, na hasemi. Akasogeza maikrofoni.

"Wasikilizaji," alisema, "naomba radhi kwa kampuni. Naomba radhi kwa mwimbaji, ambaye nimemfishia ndugu bila idhini yake. Nimewachambulia kwa kina, kwa maneno makubwa, kamasi langu mwenyewe."

Mtangazaji akashindwa. Akageuka pembeni, mabega yakamcheza, na miwani ikamdondoka kutoka kichwani.

"Na huyu dada yangu niliwahi kumwambia mbele za watu kwamba masikio yake ni ya hereni," aliendelea. "Kumbe ndiye fundi mitambo wa wimbo ninaoupenda kuliko zote. Dada, chagua wimbo. Chochote."

"Unajua nitachagua nini."

"Najua."

"Shati la Njano" likaanza. Upande wa Pili aliupokea kama mtu anayemeza kidonge, na ubeti wa kwanza ulipofika nusu akagundua kwamba midomo yake inacheza. Maneno yote aliyajua. Alikuwa ameyabeba miaka yote kutoka karakana ya mapazia bila kujua, pamoja na pale mwimbaji anapovuta pumzi. Akaanza kuimba, kwanza chini kwa chini, kisha kwa sauti, na la-la-la ilipokuja akaipokea kwa mikono miwili. Simu bado ilikuwa wazi. Maikrofoni nayo.

Kiitikio kilipokaribia kwa mara ya tatu, aliinua macho, akamwona meneja ametoka ofisini, amesimama nje ya kioo cha studio, mikono kifuani, anamtazama. Akaona haya. Akanyamaza. Akavuta kamasi.

"Hapo," alisema dada yake kwenye simu, polepole. "Hapohapo ndipo uliponyamaza."

Meneja alisema kitu kwenye kidude cha sikioni cha mtangazaji, naye akainama karibu na mgeni. "Anasema Jumamosi ni zenu wote wawili," alinong'ona. "Au si za mtu."

Upande wa Pili akafumbua kinywa aeleze kwamba dada yake hana msimamo wowote kuhusu albamu.

"Endelea basi, mdogo wangu," alisema dada. "Safari hii sizimi."

Akaendelea.