Kura ya Noreen

Royce Pargeter alipogombana na serikali juu ya kiasi cha ngano alichoruhusiwa kuuza, alitangaza shamba lake kuwa nchi. Akaliita Jamhuri ya Tallawirra, akashonesha bendera, akamfanya mkewe Noreen waziri wa kila kitu. Majirani walicheka, Australia ikanyamaza, nasi tuliomfanyia kazi tukawa raia. Mimi niliyekuwa nawapikia wakata manyoya ya kondoo nikaamka jaji mkuu.

Royce alitawala bila mpinzani hadi moyo ulipomsimama akiwa juu ya trekta. Hapo ndipo wanawe walipoanza kuvutana. Lyle, kitinda mimba, alitaka turudi Australia: ukame ulikuwa umetumaliza, na msaada wa serikali uliwafikia wakulima wote isipokuwa sisi. Dada yake Roslyn alisema kurudi ni kumzika baba mara ya pili. Kila mmoja akaunda chama. Kev, fundi wa mitambo, naye akaunda cha kwake, akaahidi friji ya bia katika kila zizi.

Siku ya kura nilichoma soseji na vitunguu mlangoni mwa banda la manyoya, watu wakapanga foleni juani wakitaniana. Lyle alimleta mama yake kwa gari lake. Noreen alikuwa amevaa kofia ya kanisani. Siku hizo kumbukumbu zilikuwa zikimponyoka. Alinisalimia kwa jina la marehemu dada yake. Akaingia nyuma ya pazia la gunia, akakawia sana, akatoka anatabasamu.

Jioni nikahesabu mbele ya wote. Kev alipata kura moja, ya kwake mwenyewe. Lyle na Roslyn walilingana. Ikabaki karatasi moja ambayo haikuwa na alama kwenye jina lolote. Chini, kwa mwandiko tulioujua sote, paliandikwa: Royce.

Roslyn akasema hiyo ni kura ya chama cha baba, yaani cha kwake. Lyle akasema imeharibika. Wakajibizana hadi Lyle akatamka kwamba mtu asiyejua leo ni siku gani hakupaswa hata kupewa karatasi.

“Asubuhi ulimfuata mwenyewe kwa gari,” Roslyn akamwambia. “Ulipodhani atakupigia wewe, akili zake zilikuwa timamu?”

Kev akajaribu kuleta mzaha wa friji, hakuna aliyecheka. Noreen alikuwa ameketi juu ya robota la manyoya, akimtazama huyu, kisha yule.

“Mnagombania nini nyie?” akauliza. “Baba yenu akirudi atawasikia.”

Lyle alikuwa bado amepandwa na hasira. “Baba harudi, Mama. Alikufa. Tulimzika, na wewe ulikuwepo.”

“Lini?”

Kev akavua kofia yake.

“Royce amekufa,” Noreen akasema taratibu, “na hakuna aliyeniambia?”

Akalia kama mtu aliyeletewa habari za msiba saa ileile, na kwake ilikuwa saa ileile. Roslyn akapiga magoti, akamkumbatia. Lyle alisogea, akanyoosha mkono; mama yake akageuza uso, kama anayemkwepa mgeni.

“Andika imeharibika,” Roslyn akaniambia bila kugeuka. “Mwachie Lyle nchi yake. Mimi namchukua mama.”

Nikafanya hivyo. Lyle akawa rais kwa muda wa kutia saini tu, tukawa Waaustralia tena, msaada ukaja, kondoo waliosalia wakapona. Kusema kweli, bila yeye tungelihama sote. Lakini bendera iliposhushwa hakusimama mtu pale ila yeye na mimi, na hakujua aikunje vipi.

Roslyn alihamia mjini na mama yake. Yeye na Lyle hawasemezani. Alhamisi, Roslyn akiwa kazini, mimi hushinda na Noreen, na Lyle huendesha gari safari yote ile kutoka shambani kuja kumwona. Kila mara Noreen humuuliza Royce yuko wapi.

“Yuko shambani anatengeneza uzio, Mama,” humjibu. “Leo atachelewa.”

“Mwambie asikae juani,” Noreen husema.

Lyle huitikia kwamba atamwambia. Huketi naye hadi chai ipoe, halafu huosha kikombe chake mwenyewe, akakifuta na kukirudisha kabatini, ili Roslyn asijue kama alikuja.