Binamu wa Darasa Zima

"Huyu Binamu ni binamu wa nani?" nilifoka, nikiinua simu ya kiranja iliyofunguka kwenye kundi la mtandaoni la darasa, ambamo mtu aliyejiita Binamu alikuwa akiandika. Kengele ya kwenda nyumbani ilishalia, lakini nilikuwa nimepandwa na hasira, hivyo hakuna aliyetoka.

Wanafunzi wangu wakatazamana. Kila mmoja alidhani ni ndugu wa mwenzake. Muhula mzima walimtumia picha zao, wakamwambia wanapoishi na njia wanazopita.

"Ana roho nzuri, Mwalimu," msichana mmoja akajitetea.

"Hata nyoka ana ngozi nzuri! Huyo mtu umeshawahi kumwona?"

Akatikisa kichwa.

Simu ikatetemeka mkononi mwangu. Binamu alikuwa ameandika: "Mbona leo hamtoki? Madarasa mengine yote yameshapita hapa getini."