Zamu ya Dwight

Kwa miaka kumi na mmoja mimi na Dwight tulizunguka majumba ya kale ya nchi hii, na hatukuwahi kuingia hata moja pamoja. Sababu ni mbwa. Hawaruhusiwi ndani, na mume wangu hakuwa mtu wa kumwacha mbwa garini, hata kiyoyozi kikiwaka. Kwa hiyo tulipokezana. Yeye alitangulia na kundi la kwanza, mimi nikabaki benchini na Duke na Tulip. Akitoka anachukua kamba za mbwa na kunipa swali. "Tafuta mlango usiokwenda popote," ananiambia, nami naingia kuutafuta. Nikishindwa alinicheka mpaka mji unaofuata. Alikuwa na kero zake, Mungu anajua.

Alifariki mwezi wa tatu. Binti yetu Colleen ndiye aliyepiga simu zote. Mimi nilisema "asante" na "weka hapo mezani," watu wakala, wakaenda zao. Neno lenyewe, "amefariki," sikulitamka hata mara moja, na sikulia. Mwezi wa saba nikawapakia mbwa kwenye nyumba yetu ya magurudumu, nikaendesha hadi Missouri, kwa kuwa jumba la Whitcomb ndilo lililobaki kwenye orodha yake. Hamu sikuwa nayo. Hata kahawa nilikunywa kwa sababu tu ilikuwa kikombeni.

Dirisha la tiketi lilikuwa na mama mmoja wa kujitolea, miwani ikining'inia kifuani.

"Wangapi?"

"Wawili," mdomo wangu ukasema. "Mmoja saa nne, mmoja saa tano. Tuna mbwa."

"Jina la wa saa tano?"

"Dwight Pruitt."

Akaliandika. Ningeweza kumwambia afute, lakini angeuliza kwa nini.

Benchini alikuwepo mwanamume wa Ohio aitwaye Lyle, na kijibwa chake. Mkewe alikuwa kwenye kundi langu.

"Na mzee wako yuko wapi? Msalani?"

Nikatikisa kichwa, asijue ni ndiyo au hapana.

"Basi lete kamba, bibie, uwahi. Mimi nimeshahukumiwa dakika arobaini hapa. Mbwa wawili zaidi si kitu."

Ndani nilionyeshwa vitanda, sahani na nguo ya harusi. Nilitazama kila nilichoambiwa nitazame. Kwenye meza ya chakula, wakati mama wa tiketi, ambaye ndiye pia aliyetutembeza, akieleza habari za mapazia, niliona kiti kimoja kilichokatwa miguu kidogo, kikawa kifupi kuliko vingine. Mke wa Whitcomb lazima alikuwa mfupi, na kuna mtu aliyechukua msumeno ili miguu yake iguse sakafu. Hakuna aliyelitaja jambo hilo. Nikajisemea, hili Dwight hawezi kulipata, leo nimemweza. Nikatoka nje mbio mbio.

Lyle akanirudishia kamba. Mama wa tiketi akasimama barazani na karatasi yake, akaanza kuita kundi la saa tano.

"Lyle Mapes!"

"Nipo!"

"Dwight Pruitt!"

Duke aliyekuwa amelala akasimama. Tulip naye. Mikia ikawa inapiga benchi, wote wawili wameukazia macho mlango.

"Dwight Pruitt! Jamani, tunamsubiri yeye tu."

"Mwite huyo mzee," Lyle akaniambia, "kabla hatujaiva na jua."

"Nendeni," nikasema.

Mama wa tiketi akashuka ngazi moja. "Nimwekee saa sita?"

"Hapana. Alifariki. Mwezi wa tatu."

Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayetaja namba ya gari. Yule mama akashusha karatasi. Lyle akavua kofia, kisha akawa hajui aiweke wapi, nami nikamwonea huruma kwa hilo.

"Ukifika kwenye meza ya chakula," nikamwambia, "tafuta kiti kilichokatwa miguu."

Akaniangalia. Kisha akaitikia kwa kichwa, akaingia.

Ningeweza kuondoka. Nilikaa benchini kama anavyokaa anayesubiri, dakika arobaini nzima, mke wa Lyle pembeni yangu akiwa na kijibwa chao. Kundi likatoka. Duke alivuta kamba akamnusa kila mmoja, viatu na mikono, na kila mmoja akamwacha aende zake.

Lyle alikuwa wa mwisho. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele yangu.

"Cha upande wa dirisha," akasema. "Kimepunguzwa vidole viwili hivi. Ningekipita bila kukiona, yule mama hasemi kitu."

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba amepatia. Kilichotoka ni kilio, cha sauti, barabara nzima ikisikia, na Duke akaanza kubweka kuuelekea mlango.