Chupa za Nkuba

Kila asubuhi Marcelino Kalinga, mganga wa zahanati, alichemsha sindano zake katika sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa, kisha akaita majina manne. Kijiji kiliandika kwamba kina wagonjwa wanne wa kifua kikuu, na mkoa ulileta dawa ya watu wanne. Ng'washi hakuwa miongoni mwao. Alikaa kwenye benchi, kanga mdomoni, akiwatazama wenzake wakiitwa, wakiingia, wakitoka wakijisugua makalio. Hii ilikuwa wiki ya tatu. Kabla ya hapo, alipotema damu, lori la mpunga lilimpeleka hospitali Mbeya. Huko walimchoma sindano kumi, wakamwambia hamsini zilizobaki akazimalizie kwao, asiruke hata siku moja.

“Mama, nikuambie mara ngapi?” Marcelino alisema siku hiyo, akifunga kabati. “Dawa zinakuja kwa idadi. Wewe kwenye idadi haumo.”

“Lakini ugonjwa ninao, dakta.”

Marcelino aliutia ufunguo mfukoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana wa Kihesa aliyeletwa huku Usangu na kukabidhiwa kabati moja na ufunguo wake, na kazi ya kuwaambia watu hapana.

Chanzo cha tatizo Ng'washi alikijua. Mwaka uliopita Danieli, katibu wa kijiji, alipita nyumba kwa nyumba akiuliza nani anakohoa. Wasukuma hawa waliohamia na ng'ombe wao hawakuwa tayari kuoa katika nyumba yenye kifua kikuu. Neno likishatoka, ukoo mzima unanuka. Na binti yake, Kashindye, alikuwa ameshaposwa na mwana wa mzee Bujiku. Kwa hiyo Ng'washi alijibanza nyuma ya zizi, ameuma kanga mpaka machozi yanamtoka, huku mumewe Masunga akisema, “Hapa wote wazima.” Kikohozi kikamponyoka hata hivyo. Danieli alikisikia vizuri kabisa. Aliandika wote wazima, maana kijiji kilikuwa kinagombea zawadi ya usafi ya wilaya. Nyumba ngapi nyingine zilijibu hivyo, Mungu ndiye ajuaye. Walioandikwa walikuwa wazee wasio na binti wa kuoza.

Alhamisi mzee Nkuba, mmoja wa wale wanne, alifariki. Ijumaa wakamzika. Jumamosi Marcelino alimwita Ng'washi ndani, akarudishia mlango.

“Nkuba ameacha chupa ishirini na mbili. Nikiandika kwamba amekufa, zinarudi mkoani. Nisipoandika, zipo hapa.” Alikuwa ananong'ona, na jasho linamtoka. “Nitakuchoma kwa jina lake. Ila ikijulikana, mimi ni jela. Mkaguzi wa mkoa akija akikuuliza hali, wewe sema una nafuu. Ukisema unaumwa atataka makohozi yako, ataanza kuuliza maswali, na hapo tumekwisha.”

“Ishirini na mbili hazitoshi, dakta.”

“Najua, mama.”

Alichomwa kumi na mbili. Homa za jioni zikapungua, akaweza kula ugali nusu sahani, akaanza hata kumgombeza Masunga kuhusu ndama waliopotea. Siku ya kumi na tatu mkaguzi akaja.

Alikuja na Landrova mpya, viti vyake vingali vimevikwa nailoni. Akatandaza daftari la zahanati mezani, akaanza kuita.

“Nkuba!”

Ng'washi akasimama. “Naam.”

Mkaguzi alitupa jicho kwenye kanga yake, hakufika usoni. “Hapa wameandika Me. Huyu si mwanamke?” Akakata kwa kalamu nyekundu, akaandika Ke. “Ndugu Kalinga, uwe makini na kumbukumbu.”

“Ndiyo, mzee.”

“Hali yako?”

Kikohozi kilikuwa kimeshapanda mpaka kooni. Alikimeza. Nyuma ya mkaguzi, Marcelino alikuwa ameshika ukingo wa kabati kwa mikono miwili.

“Nina nafuu,” alisema Ng'washi.

“Sindano hamsini, na ana nafuu. Huyu amepona.” Akaandika. “Zile chupa kumi zipakiwe, kuna zahanati upande wa Rujewa imepungukiwa.”

“Mzee, dozi ni sitini,” alisema Marcelino.

“Unataka nimnyime mgonjwa nimpe mzima? Fedha za dawa hakuna, ndugu. Tumeambiwa tubane matumizi.” Naye dereva akalibeba boksi, akaliweka juu ya kile kiti cha nailoni.

Kisha watu wakaitwa uwanjani. Mkaguzi alisimama mbele yao na karatasi nyeupe.

“Ndugu wananchi, dawa ya mwaka kesho inatokana na hesabu ya leo. Serikali haiwezi kumtengea fedha mtu isiyemjua. Hawa wa daftarini wanamaliza dozi mwaka huu; mwingine anayekohoa ainue mkono, nimwandike.”

Hakuna aliyejitikisa. Ng'washi aliwatazama. Aliwajua, mmoja mmoja, kwa vikohozi vyao vya kisimani na vya mnadani, na sasa kila mmoja alikuwa amebana midomo. Mzee Bujiku alikuwa amekaa mbele, fimbo magotini. Kashindye alisimama na wasichana wenzake, kichwa kimesukwa upya. Ng'washi aliogopa, aliogopa kuliko siku ile alipoona damu. Akapiga moyo konde, akainua mkono.

Bujiku aligeuka, akautazama ule mkono. Alijiinua kwa fimbo yake, akaondoka kuelekea kwake, na Kashindye akafunika uso.

Mkaguzi naye akamtazama Ng'washi, sasa kwa mara ya kwanza.

“Wewe si Nkuba?”

Watu wakatazama chini. Nkuba walimzika wenyewe, wengine ndio waliofukia. Lakini atakayesema ataulizwa mengi, mwishowe ataulizwa na nyumbani kwake nani anakohoa. Masunga alikuwa anachora mchanga kwa kidole cha mguu. Mlangoni mwa zahanati, Marcelino alikuwa amefumba macho. Ng'washi alifungua mdomo, akamwona kijana yule, akaufunga.

“Nimekuandika sasa hivi kwamba umepona,” alisema mkaguzi, bila ukali. “Shusha mkono, mama. Usiwachukulie wagonjwa nafasi yao.”

Alisubiri kidogo, akatazama saa. Mikono mingine haikuonekana. Akaandika sifuri, akaipigia mstari chini, akawapongeza. Mwenyekiti wa kijiji akaanzisha makofi.

Makofi yakiendelea, Danieli alimfuata Ng'washi na karatasi ya waliopona na kidau cha wino. Ni Danieli huyuhuyu aliyechimba kaburi la Nkuba, mikono yake ilikuwa bado na makovu ya malengelenge.

“Weka dole hapa, mama Kashindye,” alisema, haangalii juu. “Penye jina.”

Ng'washi alikohoa katika kiganja cha kushoto, akampa mkono wa kulia.