Kalibu ya Mama Jemutai

Ufa ulianzia juu ya mdomo wa jiko, mwembamba kama unywele, nikiwa nimeshika mwiko kwa mikono miwili. Nilikuwa nasonga ugali wa wageni, na ugali wa nyumba ile haukusongwa kwa adabu. Kiprono, mume wangu, alitaka uwe mgumu wa kukatwa kwa kisu. Nikauegemea mwiko, sufuria ikaliegemea jiko, na jiko likafunguka mbele yangu vipande viwili. Sufuria ikakaa kitako majivuni. Mama mkwe wangu, Mama Jemutai, alikuwa sebuleni akiwatilia wageni mursik, maziwa yetu ya mgando, akausikia ule mlio, akaja hadi mlangoni. Ugali hakuutazama. Alivitazama vile vipande, na nikauona uso wake ukizeeka papo hapo.

Lilikuwa jiko lake. Simaanishi alilinunua, alilibuni. Huko Langas, pembeni mwa Eldoret, miaka ile ya themanini ambapo hata harusi ilikuwa na mgeni wa kutoka chama tawala aliyekuja kusikiliza nani kasema nini, watu hawakumjua mama mkwe wangu kwa shamba wala kwa ng'ombe. Walimjua kwa jiko. Lilikuwa la udongo wa kuchoma, la kuzika nusu katika sakafu ya jikoni, na lilipika kwa vijiti vitatu chakula ambacho mafiga yalikipika kwa mzigo mzima wa kuni. Kila jiko lilitoka katika kalibu moja ya mti wa saiprasi, nusu mbili zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli, ambamo mtu alishindilia udongo, akausawazisha, kisha akaifungua. Kalibu ilikaa chumba cha nyuma. Ufunguo ulikaa kiunoni mwa Mama Jemutai, na nadhani alioga nao.

Basi kila aliyetaka jiko alikuja Langas. Wanawake wa kijiji cha Ziwa walikuja, wa Kaptagat walikuja, wakapanga foleni uani kwetu na madebe ya udongo, kisha wakarudi na jiko bichi mgongoni kama mtoto mgonjwa. Mengi yalibomokea njiani. Aliyekuwa na wazo la kuliboresha alilileta kwa Mama Jemutai, naye alisikiliza hadi mwisho, akasema tutaona, na hiyo tutaona ilikuwa kaburi lenye maua. Mimi, Nelima, niliyetoka Kimilili kuolewa katika boma la Wanandi, nilimwogopa kama radi. Lakini nilielewa jambo moja mapema. Alikuwa mjane, binti zake walikuwa wameolewa mbali, na hakuwa na kitu kingine cha kuwaleta watu mlangoni pake. Kalibu ile ndiyo iliyomfanya asalimiwe.

Kosa la ule ufa lilikuwa lake mwenyewe. Wanawake walikuwa wamelalamika kwamba mdomo wa jiko ni mdogo, magunzi ya mahindi hayaingii, na baada ya mavuno magunzi ndiyo kuni za maskini. Safari hii alikubali. Akamwita fundi seremala, kalibu ikakatwa, mdomo ukapanuka. Majiko ya msimu ule yalikuwa mazuri kuyatazama. Yakachemsha chai, yakapika maharagwe, na kila yaliposongewa ugali yakapasuka juu ya mdomo, palepale, kama yameagizwa.

Yalirudi kwa wingi. Mengine yalirudi kichwani, mengine kwa mkokoteni, na wenyewe waliyapanga uani bila kusema neno, jambo ambalo ni baya kuliko matusi. Mama Jemutai alijaribu kuirudisha kalibu ilivyokuwa. Akapigilia kipande cha mbao, akakitoa, akapigilia kingine. Lakini hakuwahi kuipima kalibu yake kwa futi wala kwa kamba. Kipimo kilikuwa jicho lake, na sasa jicho lilikuwa limesahau. Nilimkuta amekaa chini na zile nusu mbili mapajani. Akaniambia, kwa Kiswahili chake cha pole, "Nelima, nimeua hii kitu." Sikuwahi kumsikia akisema nimefanya vibaya, hata kwa chumvi kuzidi. Nikampelekea chai.

Aliyetuokoa alikuja kutoka Ziwa. Nasike, mke wa kibarua katika shamba moja la mahindi huko, alishuka na mzigo uliofungwa kwa leso, akauweka mbele ya mama mkwe wangu na kuufungua. Lilikuwa jiko, jeusi tii kwa masizi, kuukuu, limevunjika ukingo kidogo. Alikuwa amelichimbua sakafuni kwake asubuhi ile, na watoto wake walikuwa wamekunywa uji baridi.

"Hii ni ya kwanza kwanza, Mama, ile ulinipatia nikizaa Wafula," akasema. "Kalibu yako ya zamani bado iko kwa hii. Tuitoe."

Nasike alikuwa amekulia kwa wafinyanzi, na alichofanya nilikitazama kwa macho yote. Alilifunga jiko kwa gunia lililolowa, kwa sababu udongo hunywea ukikauka, na bila unene ule kalibu mpya ingezaa majiko madogo kuliko mama yao. Akapaka majivu juu ya gunia. Akalifunika lote kwa udongo mzito, akaukata kwa waya ubavuni, akaacha ukauke. Tulipoichoma ile kalibu ya udongo na kufinyanga jiko la kwanza ndani yake, niliitwa mimi kusonga ugali, maana mimi ndiye niliyekuwa na sifa mbaya. Nilisonga kwa nguvu zangu zote na za ukoo wetu. Jiko halikutikisika. Wanawake walipiga vigelegele, na Mama Jemutai akageuka upande akajifuta macho kwa upindo wa kitambaa chake.

Sisi tulidhani hadithi imeisha. Kalibu imepatikana, ifungiwe tena, maisha yaendelee. Yeye alikaa na jambo lile siku kadhaa, kisha jioni moja tukichambua mboga akaniuliza: na kama Nasike angekuwa amelitupa lile jiko? Kesho yake aliwaita wenzake akawaambia kwamba Nasike atatengeneza kalibu nyingine, na nyingine, mpaka kila kijiji kiwe na yake kamili, na kila mwenye mkono aibadilishe apendavyo.

Waithira, muuza mboga wa Langas na mtu wa kusema ukweli hata usipoombwa, alipinga. Kila mtu akibadilisha lake, alisema, kesho hatutajua jiko la kweli ni lipi. Wapishi wengi huharibu mchuzi.

"Hao wameharibu kwa sababu sufuria ni moja," Mama Jemutai akajibu. "Mimi peke yangu nimeharibu ya watu wote. Kila mtu akiwa na sufuria yake, ataharibu yake tu."

Aliweka masharti mawili tu. Anayebadilisha kitu akandamize alama ya kidole chake chini ya kalibu, kando ya alama za waliomtangulia, ili jiko likileta shida ijulikane lilibadilikia wapi. Na kalibu ya zamani isivunjwe mpaka majiko ya ile mpya yasongewe ugali msimu mzima. Siku za soko Ziwa wangekutana, kila mmoja na jiko lake, wayapikie sambamba. Lililoshinda, wenzake wanakili. Sokoni hapakuhitajika kibali cha mkutano. Nani angewauliza wanawake wanaouza majiko kwa nini wamekusanyika penye majiko?

Siku ile nilimpenda. Kabla ya hapo nilikuwa namheshimu, na heshima ya mkaza mwana kwa mama mkwe nusu yake ni woga. Niliona mtu anatoa kwa mikono yake kitu pekee kilichomfanya mtu, na hakuna aliyemlazimisha.

Ilikuwa bahati pia kwamba hakuchelewa. Kabla ya mvua kubwa ilikuja gari hadi uani kwetu, akashuka mama mmoja mkubwa wa Elgon View, mtaa wa matajiri wa mjini, mwenye vyeo ambavyo sitavitaja na viatu ambavyo havikupenda tope letu. Alisifu jiko kwa maneno marefu. Kisha akasema kazi nzuri kama hii haifai kukaa ovyo. Kalibu ihamie ofisini mjini, ifungiwe, na anayetaka kufinyanga aje aandikishwe kwanza. Tena mikutano ya uani ikome.

Mama mkwe wangu aliingia chumba cha nyuma, akaleta kalibu ya saiprasi, akaipangusa vumbi, akamkabidhi kwa mikono miwili kama inavyompasa mgeni.

"Chukua, Mama. Lakini hii imekosewa mdomo. Kama unataka nzuri, nitakupatia ya udongo."

Yule mama aliitazama ile ya mbao ilivyong'aa, akaitazama ya udongo, akacheka, akachagua ya mbao. Gari likaondoka. Kina Waithira walishika mbavu hadi jioni, wakisema tumemweza. Mama Jemutai hakucheka. Alisema alikuwa amemwambia ukweli, na kama anapika ugali atarudi. Hakurudi.

Lakini lile nililoliogopa tangu kalibu zilipogawanywa lilitimia. Ua wetu ulinyamaza. Wa Ziwa walikuwa na yao, wa Kaptagat yao, na hakuna aliyehitaji kuja Langas na debe la udongo. Mwanzoni walipita kusalimia, kisha wakapita walipokuwa na safari ya mjini, kisha wakapita tu. Asubuhi nyingine nilimkuta mama mkwe wangu amekaa mlangoni akitazama barabara, mikono imetulia, na iliniuma. Niliwahi kumuuliza kama anajuta. Akaniambia nikaanike mahindi.

Miaka ilikwenda. Tulialikwa harusi Kaptagat, kwa watu wa mbali wa ukoo, na kwa sababu ya baridi ya msitu ule tukakaribishwa jikoni badala ya sebuleni. Binti mmoja, Jelagat, alikuwa akipika. Jiko lake lilikuwa na mdomo mpana, mpana kabisa, gunzi zima linaingia, na juu ya mdomo limejengwa ukingo mnene kama nyusi, wa kubeba uzito wa ugali. Ubavuni lilikuwa na kitundu cha kupashia maziwa. Mama Jemutai aliinama. Akatazama kwa muda mrefu mdomo mpana usiopasuka, kitu alichokuwa amekitafuta kwa msumeno wa seremala akakikosa.

Akauliza nani alilitengeneza. Binti akasema hata hajui, ni jiko la huku kwao tu, kila mtu analo. Kisha akamtazama mgeni wake mzee kwa huruma.

"Kwani kwenu hamna, Mama? Kaa nikuonyeshe. Hapa unaweka gunzi, hapa maziwa. Hata usonge ugali namna gani, haipasuki."

Nilifungua mdomo nimwambie anafundisha nani. Mkono wa mama mkwe wangu ukatua juu ya goti langu, ukanibana. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na uso wake ulikuwa umechangamka kama wa bibi harusi mwenyewe. Akavuta kigoda karibu na moto.

"Sijaelewa vizuri hapo kwa maziwa," akasema. "Nionyeshe tena."

Jelagat akaanza upya, polepole, na mama mkwe wangu akawa anaitikia kwa kichwa.