Kipimajoto cha Mkwe

Mtaani walimwita Mikate, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Miaka mingi ya kushika trei za tanuri ilikuwa imevigeuza viganja vyake kuwa soli ya kiatu. Sufuria ya chai aliiepua kwa mikono mitupu. Ila mikono hiyo haikujua homa: amguse mtoto mzima au mgonjwa, kwake ilikuwa mamoja. Ndiyo maana binti yake alipozaliwa, alinunua kipimajoto cha kidijitali, cha kupima pajini pa uso na sikioni, akakaa na karatasi ya maelezo mpaka mkewe akamcheka.

"Baba watoto, unasomea udaktari?"

Binti alikuwa ametimiza miaka miwili siku alipoamka amelegea, hataki kula wala kubebwa. Mke alikuwa ameshakwenda kazini, kwenye kiwanda cha nguo. Nyumbani alikuwepo mama mkwe, aliyekuja kuwatembelea, na ambaye hakuficha mawazo yake: mwanamume na ulezi, wapi na wapi!

Bibi alimgusa mjukuu shingoni, akaloweka kitambaa na kumwekea pajini. "Huyu anawaka, mkwe wangu."

Mikate akaleta kipimajoto, akainua kitambaa, akabonyeza. Kikalia. Thelathini na sita nukta nne.

"Eti hana homa!" Bibi akaguna. "Ama kweli, umenunua mdoli."

Mikate alilitazama paji la mtoto: lilikuwa linang'aa kwa maji.

"Mama, hapa nimepima ubaridi wa kitambaa, sijampima mtoto. Tumpe nafasi kidogo."

Akamfuta taratibu, akasubiri kidogo. Akakichomoa kifuniko cha mbele, akaivuta ndewe ya sikio nyuma kidogo ili njia inyooke, akaingiza ncha na kubonyeza. Mtoto hata hakukunja uso. Kioo kikageuka chekundu: thelathini na tisa nukta tatu.

Akarudia kusubiri, akapima tena. Namba ilikuwa ile ile.

"Vaa viatu, mama. Twende zahanati."

Daktari, mwanamke mwenye sauti ya upole, alipima kwa chombo chake, akapata karibu sawa. Akamulika koo: limevimba, jekundu.

"Nani alimpima nyumbani?"

"Mimi," alisema Mikate, akaeleza mambo yote, hata lile kosa la kwanza.

"Wengi wangeiona ile namba ya kwanza wakalala usingizi. Umefanya kazi nzuri, baba."

Mikate aliinamisha kichwa kuficha tabasamu. Bibi hakuficha kitu. Kwenye benchi la kusubiria dawa aliwageukia watu asiowajua hata kwa sura: "Mnamwona yule? Mkwe wangu yule! Pajini kumedanganya, akaenda sikioni!"

Dawa zilifanya kazi yake. Siku zilizofuata homa ikashuka, na mtoto akaanza kula.

Bibi akaahirisha safari ya kurudi kwake. Jumapili moja Mikate akamsikia Bibi akimwita kutoka nyumba ya jirani, sauti ikivuka ukuta: "Baba! Hebu njoo na chombo chako! Hapa kuna mtoto, na nimewaambia wasimguse mpaka ufike!"

Mkewe alimtazama akibadilisha shati, akifunga vifungo vyote mpaka cha shingoni.

"Nenda, daktari," alisema, na safari hii hakucheka.